Kasha la chipsi halina mnunuzi

Kazi yangu ni taka ngumu, Dar es Salaam. Kila masika tukienda kuzibua mitaro inayoshuka bonde la Msimbazi, juu ya tope nakuta makasha meupe ya kubebea chipsi, yale tunayoyaita teki-awei, vijiti na vijiko vya plastiki vikiwa bado ndani. Chupa za maji nazo zilitupwa, lakini nyingi zimeshaokotwa.

Chupa ina bei. Muokotaji hulipwa kwa kilo, na kasha lile ni polistirini, aina ya plastiki, iliyoumuliwa: zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa. Ajaze kiroba kizima, mzani hautikisiki. Isitoshe limelowa mafuta na pilipili, kwa hiyo analiruka. Mvua ikinyesha linaelea hadi kwenye kalavati, linanasa na majani, maji yanakosa njia na kuingia majumbani. Lisiponasa linamegeka punjepunje hadi baharini, na punje zile hakuna wa kuzikusanya.

Katazo la tarehe 1 Juni 2019 lilituondolea mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ya Rambo. Kasha halikuguswa. Vikombe vya karatasi visikudanganye: vingi vina utando wa plastiki kwa ndani.

Kinachoniuma zaidi ni shughuli zetu. Pwani tulikuwa tunazunguka sinia moja la pilau watu wanne, tunanawa kwa birika, tunakula. Wageni 200 ni masinia 50 ya kuosha. Siku hizi wageni hao wanaacha makasha 200, vijiko 200 na vikombe 200, kwa mlo wa nusu saa. Na vikundi vya akina mama vyenye sahani za kuazimisha bado vipo mitaani.

Nikisema hivi naulizwa: na kipindupindu? Hofu hiyo ni ya haki. Lakini sahani ya kutupa haikukingi na mikono michafu ya mpakuaji wala maji yasiyo salama. Kinachokinga ni kuosha ipasavyo. Ondoa makombo, kisha weka mabeseni matatu: la kwanza maji moto na sabuni, la pili maji safi ya kusuuzia, la tatu maji yenye klorini. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kinatosha lita 2. Vyombo vizame dakika mbili. Badilisha maji kabla hayajawa mchuzi. Halafu, tafadhali, usifute kwa kitambaa, maana mara nyingi kitambaa ndicho kinachorudisha uchafu. Panga vyombo kichanjani, vikauke kwa jua.

Wenye mabanda ya chipsi waanze na wateja wanaokula palepale: wawape sahani. Wa kubeba waje na hotpoti zao. Kwenye banda ninalokula mimi, anayekuja na chombo chake huongezewa chipsi kidogo, kwa sababu kasha nalo muuzaji hulinunua.