Je, wajua? Kwa nini Abunuwasi ni hekaya na Liyongo ni mighani

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na kijisufuria, akasema sufuria imezaa. Jirani akapokea vyote viwili bila kuuliza. Safari ya pili Abunuwasi hakurudisha kitu, na alipodaiwa akajibu kwa huzuni kwamba sufuria imefariki. "Sufuria hufa?" jirani akang'aka. "Ilipozaa mbona hukushangaa?"

Kisa hiki ni hekaya: mtu mjanja anamwacha mwenye tamaa, au mwenye cheo, akiwa hana la kusema. Ajabu ni kwamba Abunuwasi mwenyewe aliishi kweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, akafariki karibu na mwaka 814. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Pate na mlango wa mto Tana, wataalamu hawajakubaliana hata aliishi karne gani. Lakini visa vya Liyongo ndivyo tunavyoviita mighani (wengine husema visakale), utanzu (aina ya masimulizi) uliokaa jirani na historia, na visa vya mshairi yule wa kweli tumeviweka kwenye vichekesho. Imekuwaje?

Imekuwa hivyo kwa sababu tanzu hazipangwi kwa kuchunguza kama jambo lilitokea. Hupangwa kwa mapatano yaliyopo baina ya fanani, yaani msimuliaji, na hadhira yake: tunasikiliza tukisadiki, au tunasikiliza tukijua kuwa tunachezewa? Mwanaanthropolojia wa Marekani William Bascom aliliweka jambo hili wazi mwaka 1965 alipotenganisha visasili (masimulizi ya asili ya watu na mambo), mighani na ngano. Alitazama kama masimulizi yanasadikiwa, yametokea lini, wapi, na wahusika wake ni nani.

Waswahili hatukuhitaji kumsubiri Bascom, maana mapatano hayo tunayatamka kwa sauti. Bibi anasema "Hadithi, hadithi!" nasi tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tumeuita uongo wenyewe, mlangoni kabisa, kwa hiari yetu. Baada ya hapo Sungura akimdanganya Fisi hakuna atakayeuliza ilikuwa kijiji gani. Hiyo ni ngano, na kwa kuwa wahusika ni wanyama wenye tabia za watu, kipera chake, yaani tawi lake, ni hurafa. Wakiingia mazimwi, ni ngano ya mazimwi. Ikimalizika kwa kueleza kwa nini gamba la kobe lina mabaka, ni ngano ya usuli. Hapo hakuna kazi kubwa.

Liyongo hasimuliwi hivyo. Ana nasaba, ana adui anayejulikana, mfalme wa Pate, na ana miji: Pate, Shaka, Ozi. Upande wa Kipini wenyeji huonyesha mahali wanapoamini amezikwa. Ndiyo, yamo maajabu. Hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba akichomwa kitovuni, na aliyeitumia ni mwanawe (wengine husema mpwawe), baba akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kutega mshale, akafia pale pale katika hali hiyo. Watu wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuchota maji wakidhani yu hai. Maajabu hayo hayaigeuzi mighani kuwa ngano. Shujaa mwenye udhaifu mmoja wa siri, anayesalitiwa na mtu wa nyumbani, ni alama ya mighani yenyewe: Lwanda Magere wa Wajaluo, aliyekuwa na mwili kama jiwe, siri yake ilitobolewa na mke aliyetoka kwa maadui, akauawa kwa kuchomwa kivuli.

Kisasili nacho husadikiwa, ila kinarudi nyuma zaidi, kwenye mwanzo wa watu au wa mauti. Gikuyu na Mumbi pale Mukurwe wa Nyagathanga ni kisasili, kwa kuwa kabla yao taifa lenyewe halikuwapo. Liyongo anaikuta dunia imeshapangwa.

Panapowachanganya watu zaidi ni kwenye umbo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London kisa cha Liyongo kwa nathari, yaani lugha ya mjazo. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitunga kwa utendi: kila ubeti mishororo minne, mizani minane kila mmoja, mitatu ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina cha utungo mzima. Basi ni utendi au ni mighani? Vyote viwili. Utendi ni chombo, mighani ndiyo iliyopakiwa. Swali la mtihani linalomlazimisha mwanafunzi achague kimoja, kwa maoni yangu, limetungwa vibaya.

Kwenye maandishi mapatano ni yale yale, ingawa hakuna wa kuitikia. Neno "mimi" haliwezi kukuambia kama umeshika riwaya au tawasifu (maisha ya mwandishi anayoyasimulia mwenyewe), kwa maana zote mbili hulitumia. Tazama kama msimuliaji ana jina la mwandishi na anajibika kwa anayoyasema. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969 kuhusu Majimaji, aliona haja ya kumweleza msomaji kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuni, mbali na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Alikuwa anasema "uongo njoo" kwa njia ya kisomi.

Ziko kazi zinazogoma kukaa chumba kimoja. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi, huwekwa kwenye tarihi, yaani maandishi ya historia. Lakini inaanza na Mbega, mwindaji aliyekimbia kwao Nguu kwa kuwa alikuwa kigego (mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, aliyehesabiwa mkosi), akapokewa Usambara na kufanywa mtawala baada ya kuua simba. Kurasa hizo mimi nazisoma kama mighani. Za mwisho, mwandishi anaposimulia vita vya siku zake mwenyewe, nazisoma kama historia, na sijaona mahali pa kupiga mstari katikati.