Uvimbe wa utando wa ubongo: si kila mgonjwa ni wa dripu

Ndugu wa mgonjwa anapoingia kliniki na bahasha ya picha za CT, swali lake huwa moja: "Daktari, dripu ataanza lini?" Simlaumu. Kuanzia Newala na Masasi hadi Nachingwea na Kilwa, saratani imeshazoeleka kuwa ni dripu na kunyonyoka nywele. Kwa uvimbe wa utando unaofunika ubongo, lakini, wagonjwa wengi hawatawekewa dripu hiyo kabisa.

Ubongo umezungukwa na tabaka 3 za utando, zile zile zinazoshambuliwa mtu akiugua homa ya uti wa mgongo. Uvimbe unaoota humo huitwa meninjioma, na mara nyingi si saratani. Hukua polepole, miaka hadi miaka, huku ukiukandamiza ubongo kutoka nje. Shirika la Afya Duniani limeugawa katika madaraja 3. Wagonjwa wengi wako daraja la kwanza. La pili lina tabia ya kurudi hata baada ya kutolewa, na la tatu, ambalo ni nadra, ndilo saratani yenyewe.

Kwa nini dawa za saratani hazifui dafu hapa? Wengi, hata baadhi yetu wahudumu, hudhani dawa haifiki kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi. Hilo ni kweli kwa uvimbe ulioota ndani ya ubongo. Meninjioma imekaa nje ya kizuizi hicho, na kwa kawaida hulishwa damu na mishipa ya utando wenyewe. Dawa inafika vizuri tu. Tatizo ni kwamba tibakemia, yaani hizo dawa za saratani za dripu, huua seli zinazogawanyika kwa kasi, ndiyo maana nywele hunyonyoka na chembe za damu hushuka. Seli za meninjioma hugawanyika taratibu mno, na dawa huzipita.

Kwa hiyo tunaanza na kisu, na mionzi inapohitajika. Kwa mgonjwa wa Mtwara au Lindi mara nyingi hiyo ni safari ya Dar es Salaam, taasisi ya MOI pale Muhimbili kwa upasuaji na hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi. Uvimbe mdogo usio na dalili unaweza kufuatiliwa kwa picha tu, na familia inayongoja mnada wa korosho ipate nauli inaweza kungoja, daktari akiridhia. Anayepoteza uwezo wa kuona, anayelegea upande mmoja, anayeamka na kichwa kikali na kutapika, huyo hangoji mnada. Na mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza apigwe picha ya kichwa kabla hajapelekwa kupungwa mashetani.

Dawa huja pale uvimbe umerudi, kisu na mionzi vimeshatumika. Mojawapo ni haidroksiyurea, vidonge ambavyo familia zenye wagonjwa wa selimundu wanavifahamu. Nyingine ni bevasizumabu, inayobana mishipa mipya ya damu ya uvimbe. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hizi huchelewesha ukuaji wa uvimbe. Kuponya ni habari nyingine, na anayewaahidi hivyo mumuulize maswali.

Saratani ya damu au ya matiti iliyosambaa hadi kwenye utando ina njia yake. Huko dawa kama methotreksati inaweza kuchomwa kiunoni, moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Watu huiogopa sindano hiyo kuliko dripu, ingawa huwekwa na daktari aliyefunzwa, mgonjwa akiwa amelala kwa ubavu au ameketi ameinama.

Kinachonitia hofu zaidi ni homa nyumbani. Mgonjwa aliye kwenye tibakemia akipata joto la nyuzi 38, kwetu huku wazo la kwanza ni malaria, na mtoto anatumwa duka la dawa akanunue mseto. Chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshushwa na dawa hizo, maambukizi ya bakteria yanaweza kumuua ndani ya siku chache. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, na aseme tangu mapokezi kwamba yuko kwenye dawa za saratani. Malaria ipimwe, na kipimo cha picha kamili ya damu, kinachohesabu chembe za damu, kichukuliwe papo hapo.