Usiku ambao Pescarolo aliendesha bila waipa

Mota ya waipa ni kifaa kidogo. Unaishika kwa mkono mmoja, na fundi yeyote wa gereji ameshaifungua akaikuta koili imeungua au meno yamelika. Gari la kwendea sokoni likifiwa na mota hiyo mvua ikinyesha, mwenyewe anaegesha pembeni na kusubiri. Mwezi wa tisa mwaka 1968 mota ya namna hiyo ilikufa usiku, mvuani, kwenye gari la Matra, kampuni ya Kifaransa, lililokuwa katika mbio za Saa 24 za Le Mans, na kijana wa miaka 26 akakataa gari lile liegeshwe. Kijana huyo ni Henri Pescarolo, mzaliwa wa Paris.

Nimekuwa fundi wa magari ya rali kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ninapopata vijana wapya wa kufundisha huwa nawaanzishia hapo. Wao hutaka nianze na injini. Mimi nataka kwanza waelewe gari linatengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina gani.

Mbio nyingi tunazotazama kwenye televisheni huisha ndani ya saa mbili, dereva mmoja na gari lake. Le Mans siku hizi huanza saa kumi jioni Jumamosi na kumalizika saa kumi jioni Jumapili. Gari ni moja, madereva wanapokezana kwa zamu. Siku hizi huwa watatu. Wakati wa ujana wa Pescarolo walikuwa wawili tu. Mmoja akishuka anakula kidogo, anajinyoosha, anajaribu kulala huku injini zikinguruma nje, kisha anaamshwa. Anayeshinda ni yule ambaye gari lake limekwenda umbali mrefu zaidi muda ukiisha. Dakika unazopoteza piti, yaani kituo cha mafundi kando ya barabara ya mbio, ukibadilisha kipande kilichovunjika zinahesabiwa sawasawa na dakika unazopoteza barabarani kwa kwenda polepole. Kwa hiyo dereva mzuri wa Le Mans huwa anaisikiliza giaboksi hata akiwa anampita mtu.

Barabara yenyewe, zaidi ya kilomita 13 kwa mzunguko mmoja, nusu ni ya mashindano na nusu ni ya wananchi. Sehemu maarufu kuliko zote ni Hunaudières, kipande cha njia ya kutoka Le Mans kwenda Tours. Siku za kawaida malori hupita hapo na watu huenda kazini. Siku ya mbio inafungwa, na hadi mwaka 1990, zilipowekwa kona za kupunguza mwendo, ilikuwa imenyooka karibu kilomita sita bila kitu cha kumfanya dereva ainue mguu.

Sasa rudi 1968. Kwa kawaida Le Mans ni ya mwezi wa sita. Mwaka ule migomo na maandamano ya Mei yaliitikisa Ufaransa nzima, mbio zikasogezwa hadi tarehe 28 na 29 Septemba. Kwetu sisi wa ikweta tofauti hiyo haina maana, usiku wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule mwezi wa sita giza ni la saa chache, lakini mwishoni mwa Septemba linalingana na mchana. Madereva wakapata usiku mrefu kuliko waliouzoea, na mvua ikawakuta humo ndani.

Johnny Servoz-Gavin, mwenzake Pescarolo, aliingia piti akasema waipa zimekufa na gari haliendesheki. Hakuwa mwoga, alisema kweli. Mafundi wakashindwa kuzifufua. Pescarolo, aliyekuwa amepumzika, akaingia kwenye gari akaenda.

Niliwahi kuonja kijiko kimoja cha jambo hilo. Nilikuwa narudisha pikapu ya huduma usiku baada ya rali, natoka Narok, mvua ya Bonde la Ufa ikiwa imefunguka, na waipa zikasimama katikati ya kioo. Nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa saa. Taa za lori lililokuwa likija zilipogusa kioo, kioo kizima kikageuka cheupe kama maziwa. Sikuona ukingo wa barabara wala boneti. Nilitoa kichwa dirishani, nikasogea pembeni mikono ikitetemeka, nikakaa pale hadi mvua ilipokatika. Sasa kizidishe kilomita 40 mara kadhaa, weka mbele yako magari ya polepole yanayorusha ukungu wa maji, na urudie zamu baada ya zamu hadi alfajiri. Dereva asiyeona anaendesha kwa kumbukumbu: mlio wa injini unaporudi kutoka kwenye miti, mteremko mdogo anaousikia mgongoni, idadi ya sekunde kati ya kona moja na nyingine.

Simruhusu dereva ninayemtengenezea gari afanye hivyo, na nisingemruhusu Pescarolo. Lakini asubuhi ilipofika Matra ile ilikuwa imepanda hadi nafasi ya pili. Kisha, mchana wa Jumapili ukikaribia, Mauro Bianchi alianguka na Alpine yake ikawaka moto. Vipande vikatapakaa barabarani, Matra ikapata pancha, pancha ikaleta moto, na kazi yote ya usiku ikaishia hapo. Aliyeshinda siku hiyo, akiwa na Pedro Rodríguez kwenye Ford GT40, ni Lucien Bianchi, kaka yake Mauro. Ndugu mmoja kaungua, mwingine yuko jukwaani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa tatu 1969 Lucien Bianchi alifariki akifanya majaribio kwenye barabara hiyo hiyo ya Le Mans. Wiki chache baadaye, Aprili, Matra walimpa Pescarolo gari jipya, MS640, lililochorwa kwa ajili ya mwendo wa Hunaudières tu: jembamba, laini, limefunikwa kila mahali. Liliinuka. Wanaofanya kazi hii wanajua maana ya neno hilo. Hewa ikilisukuma gari kutoka chini kuliko inavyolikandamiza kutoka juu, tairi huacha lami, na kuanzia hapo usukani na breki ni mapambo. Gari likagonga na kuwaka. Pescarolo alivunjika uti wa mgongo na kuungua vibaya usoni na mikononi. Ndevu nzito ambazo picha zake zote za baadaye zinazo zilianzia kwenye makovu hayo.

Agosti mwaka ule ule, miezi minne tu, alikuwa Nürburgring kwenye mbio kuu za Ujerumani, kwenye gari la Formula 2 lililochanganywa na yale makubwa ya Formula 1. Akamaliza wa tano kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Nürburgring ya wakati ule ilikuwa na zaidi ya kilomita 22 za milima na misitu. Kwangu mimi matokeo hayo ni makubwa kuliko vikombe kadhaa vilivyokuja baadaye.

Mashabiki wa Formula 1 huwa wananiambia Pescarolo hakuwahi kushinda huko. Ni kweli. Matokeo yake bora ni nafasi ya tatu Monaco mwaka 1970. Aliendelea kupata viti katika timu ndogo, ikiwemo ya Frank Williams alipokuwa bado anahangaika kutafuta pesa, na mara nyingi gari lilimwangusha. Sina zaidi la kusema hapo, maana nyumbani kwake palikuwa kwingine.

Mwaka 1972, kwa upande wa mbio za masafa marefu, Matra waliacha nyingine wakajiandaa kwa Le Mans peke yake. Rais wa Ufaransa, Georges Pompidou, mwenyewe alikuja kuanzisha mbio. Matra moja, ya madereva Jean-Pierre Beltoise na Chris Amon, ilipasua injini kwenye mzunguko wa pili tu mbele ya watu wote. Pescarolo alipewa mwenzake wa miaka 43, Mwingereza Graham Hill, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara mbili na mshindi wa mbio za Indianapolis za Marekani. Wakashinda, na Ufaransa ikapata ushindi wa kwanza pale kwa gari la Kifaransa tangu Talbot ya 1950. Hill hadi leo ndiye mtu pekee aliyewahi kushika taji la dunia, Indianapolis na Le Mans. Furaha haikuwa kamili: Jo Bonnier wa Sweden alikufa Jumapili ile asubuhi.

Miaka miwili iliyofuata mwenzake Pescarolo alikuwa Gérard Larrousse, na hapa ndipo ninapopenda kukaa na vijana wangu, kwa sababu ni hadithi za vipuri. Mwaka 1973 Ferrari walikuja kwa nguvu zote. Zikiwa zimebaki saa chache, Matra ya Pescarolo iliingia piti, mafuta yakajazwa, na injini ikagoma kuwaka: stata. Magari haya kanuni zinayataka yawashwe kwa stata yake yenyewe, huwezi kuyasukuma. Mafundi wakabadilisha kifaa huku saa ikila faida yote waliyokuwa nayo. Kilichowaokoa ni kwamba Ferrari ya Jacky Ickx na Brian Redman nayo ilikuwa imechoka, na injini yake ikafa kabla ya mwisho.

Mwaka 1974 ilikuwa giaboksi. Ilianza kusumbua wakiwa wanaongoza kwa mbali, ikabidi ifunguliwe. Giaboksi hiyo ilikuwa imetengenezwa na Porsche, na Porsche walikuwa kwenye mbio zile zile, gari lao la Carrera likiwa ndilo linalonufaika kila dakika Matra inaposimama. Watu wa Porsche wakaja kusaidia kuirekebisha giaboksi ya mpinzani wao. Pescarolo na Larrousse wakashinda, Porsche ikawa ya pili. Nimewahi kukopeshwa shafti na timu tuliyokuwa tukishindana nayo, saa nane usiku, na aliyenikopesha hakuuliza bei. Ndiyo maana hadithi hii naiamini bila kuhitaji kuielezwa mara mbili.

Matra walijitoa mwisho wa 1974 na Pescarolo akawa dereva wa kuazimwa. Mwaka 1977 alipangwa na Ickx kwenye Porsche 936 ya kiwanda. Injini ikafa mapema. Ickx akahamishiwa gari la pili la Porsche, akaendesha usiku kama mtu aliyepagawa, akashinda. Pescarolo akabaki piti. Ushindi wa nne ulimfikia 1984, miaka kumi baada ya ule wa tatu. Kiwanda cha Porsche kilikuwa kimesusia mbio hizo kwa ugomvi wa kanuni za mafuta, nafasi ikawa ya timu binafsi. Alikuwa kwenye Porsche 956 ya Reinhold Joest pamoja na Klaus Ludwig. Mwanzoni gari lilisumbua, wakaachwa nyuma sana, wakapanda polepole kupita waliokuwa wakivunja magari yao kwa pupa. Gari lile lile, chesisi ile ile, likashinda tena 1985, Ludwig akiwa mmoja wa madereva, safari hii bila Pescarolo. Hicho kinakueleza jinsi lilivyorudishwa na wale wa kwanza.

Baadaye alishinda Nürburgring 1986 na Mike Thackwell kwenye Sauber iliyokuwa na injini ya Mercedes, na Saa 24 za Daytona, Marekani, mwaka 1991. Le Mans hakuacha. Alianza 1966, akaanza mbio zake za mwisho pale 1999 akiwa na miaka 56. Jumla ni mara 33, na hakuna dereva aliyefikia idadi hiyo. Tom Kristensen ameshinda mara tisa, Ickx mara sita; wote wawili wameingia barabara ile mara chache kuliko yeye.

Mwaka 2000 akageuka mwenye timu, karakana yake ikiwa pale pale Le Mans. Mwaka wa kwanza tu walimaliza wa nne, mmoja wa madereva akiwa Sébastien Bourdais, kijana wa mji huo huo. Mwaka 2005 gari lake, lenye injini ya Judd, lilikuwa la kasi kuliko yote na likaanza mbele. Emmanuel Collard, Jean-Christophe Boullion na Érik Comas wakamaliza wa pili nyuma ya Audi. Mwaka 2006 Audi walileta injini ya dizeli, ya kwanza kushinda Le Mans. Pescarolo alimweka Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali, pamoja na Éric Hélary na Franck Montagny. Wa pili tena, timu ndogo isiyo na kiwanda nyuma yake. Kwetu sisi wa rali, kumwona Loeb akikabidhiwa zamu za usiku na mzee Pescarolo, yule wa kofia ya udereva ya kijani, ilikuwa siku ya kuzungumzwa gereji wiki nzima.

Pesa ndiyo iliyowamaliza. Kampuni ilifilisika 2010, marafiki wakanunua vifaa kwenye mnada na kumrudishia, akarudi 2011. Baada ya Le Mans ya 2012 timu ile haikuanza tena.