Basari Haihami na Mheshimiwa

Juzi jioni nilikuwa kwenye feri, navuka kwenda Likoni. Mbele yangu walisimama akina mama wawili, mmoja amekumbatia bahasha ya kaki yenye fomu ya basari, ule msaada wa karo. Akamwambia mwenziwe, “Mwaka huu nisipopata, basi tena. Mheshimiwa yuwaenda ugavana, na basari yaenda naye.” Mwenziwe akamtuliza: “Usijali, akishakuwa gavana atatujengea shule Mombasa nzima.”

Maneno haya nimeyasikia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye vijiwe vya kahawa, hata kwa watu wanaolipwa mshahara kuyajua vizuri zaidi. Ni sentensi mbili zenye makosa mawili, na kila kosa lina gharama yake. La kwanza lamfanya mzazi aache kufuatilia haki ya mwanawe. La pili lamfanya ampigie mtu kura kwa kazi ambayo haimo katika kiti anachokiomba.

Kazi yangu ni kufuatilia miradi ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneobunge, ambao ndio unaotoa basari hizi na kujenga madarasa. Nasoma BQ, yaani orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, napima kuta kwa utepe, nakaa na PMC, kamati inayosimamia mradi, chini ya mwembe wa shule, kisha narudi kuandika ripoti. Nimefanya hivyo katika zaidi ya eneobunge moja kati ya sita za hapa Mombasa, chini ya wabunge waliorudishwa, walioangushwa, na waliopanda kutafuta kiti kingine. Sisemi kwa niaba ya ofisi yoyote. Mheshimiwa wa mazungumzo ya feri simtaji, kwa kuwa haya yangesemwa juu ya yeyote kati yao.

Pesa kwanza, kwa ufupi. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya 2003, mwanzoni mwa utawala wa Kibaki. Sheria tuliyofanyia kazi miaka hii ya karibuni ni ya 2015. Inautengea mfuko si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali ya kitaifa, na pesa hizo zagawiwa maeneobunge 290. Kila moja lapata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mvita yapata kwa kuwa ni Mvita, Jomvu kwa kuwa ni Jomvu. Mbunge ahame, ashindwe, astaafu, mgao uko pale pale.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa. Katika kila eneobunge kuna ofisi mbili. Moja ni ofisi ya mbunge, inayogharamiwa na Bunge, yenye wafanyakazi wake ambao ajira yao yafuata muhula wa mbunge. Ya pili ni ofisi ya NG-CDF. Hii ina meneja wa akaunti ya mfuko, mwajiriwa wa Bodi ya NG-CDF, anayeweza kuhamishwa kutoka eneobunge hadi eneobunge kama mwalimu. Ina kamati yenye mwakilishi wa serikali ya kitaifa, wanaume, wanawake, vijana na mtu mwenye ulemavu. Mbunge si mwanakamati. Shida ni kwamba mara nyingi ofisi hizi mbili ziko ndani ya ua mmoja, lango moja, askari mmoja mlangoni, na picha kubwa ya mheshimiwa ukutani. Mzazi akipokea fomu kutoka kwa kijana wa ofisi ya kwanza, akairudisha kwa kijana yule yule, kwa nini asiamini kwamba basari ni ya mheshimiwa? Ameona kwa macho yake.

Na hapa ndipo fomu zinapotea. Kijana wa ofisi ya mbunge ana daftari lake la majina, ana rundo la fomu, pengine ana kundi la WhatsApp la wazazi. Mheshimiwa akiondoka, kijana naye anaondoka. Nimewahi kufungua droo wiki chache baada ya uchaguzi nikakuta fomu zaidi ya arubaini, zimejazwa, zina muhuri wa shule na sahihi ya chifu, na hazikuwahi kufika kwa kamati. Wazazi wale walikuwa mtaani wakisema basari imekwisha kwa sababu mbunge ameshindwa. Basari haikuwa imekwisha. Fomu zao hazikuwa zimevuka ule ua.

Kwa hivyo hofu ya yule mama ina mzizi, na sitaki kuidharau. Baada ya uchaguzi kweli kuna pengo. Kamati mpya yaundwa, na benki yataka sahihi mpya kabla ya kulipa chochote. Karatasi hizo zaenda na kurudi kwa wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi, na kwa kuwa uchaguzi wetu ni Agosti, pengo hilo laangukia muhula wa mwisho wa shule, wakati mwalimu mkuu anawarudisha watoto nyumbani kwa karo. Mbaya zaidi ni hundi. Hundi ya basari haiandikwi jina la mzazi wala la mbunge, huandikwa jina la shule. Ikiandikwa Machi ikakaa kabatini ikingoja siku ya sherehe ya mheshimiwa kugawa hundi hadharani, miezi sita ikapita, benki haiitambui tena. Yataka kuandikwa upya, na wa kuiandika upya ndio hao wanaongojewa sahihi zao. Nimeona mtoto akikosa muhula mzima kwa hundi ya namna hiyo, ilhali jina lake lilikuwa wazi kwenye orodha. Hilo ndilo la kupigiwa kelele. Tukisema “basari imeondoka na mbunge,” aliyeichelewesha hundi kabatini anapona bila kuulizwa.

Jambo jingine ni bango. “Darasa hili limejengwa na mheshimiwa fulani.” Pesa za Hazina haziji siku moja. Zaja kwa awamu, na mara nyingi mgao wa mwaka wa fedha unaoisha Juni 30 watua kwenye akaunti mwaka mwingine umeshaanza. Mbunge aliyeondoka Agosti ameacha nyuma pesa ambazo hajaziona. Nimepima darasa lenye bango la mbunge wa sasa ambalo msingi, kuta na lenta vililipwa kwa mgao uliopitishwa enzi za aliyemtangulia. Lililobaki lilikuwa mabati, plasta na rangi. Na nimeona kinyume chake: bango la aliyeondoka kwenye ukuta ambao yeye alijenga hadi kwenye madirisha tu. Mkinitaka nieleze nani kajenga, nitawaonyesha vocha za malipo moja baada ya nyingine, na jina la mbunge halitakuwepo hata kwenye moja. Kuna jina la mkandarasi, jina la PMC, nambari ya mradi.

Hili la nani amalize ndilo linaloamua kama kazi ya anayeaga itasimama. Mbunge mpya angependa kuanza darasa lake, lenye bango lake, huku la mwenziwe limeachwa kwenye lenta, nondo zinachungulia angani. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi. Nondo iliyoachwa wazi misimu miwili ya mvua hula kutu, na kuna siku mhandisi ataniambia sehemu hiyo ivunjwe. Tumelipa mara mbili kwa darasa moja. Kila mwaka wa uchaguzi nawaomba walimu wakuu wapige picha zenye tarehe, wahifadhi nakala ya BQ shuleni, wasiiache kwa mkandarasi. Wachache hunisikiliza.

Halafu kuna hati ya ardhi. Nitaligusia tu, maana kila mkazi wa Mombasa analijua kwa uchungu. Shule nyingi za umma hazina hati mkononi. Mheshimiwa anayejiandaa kwa kiti kikubwa huahidi ghorofa kwenye kiwanja ambacho hakina karatasi, mradi unakwama mezani, na wananchi wanaambiwa kamati ndiyo adui. Vivyo hivyo kwa madrasa. Kila Ramadhani naombwa nieleze kwa nini mfuko hauezeki madrasa. Sheria imekataza pesa hizi kutumika kwa shughuli za dini na za vyama vya siasa, na katazo hilo lamhusu mbunge yeyote, awe wa dini gani.

Sasa sentensi ya pili ya feri. “Akishakuwa gavana atatujengea shule.”

Njia ya kutoka bungeni kwenda ugavana imekanyagwa hapa Mombasa. Hassan Joho alikuwa mbunge wa Kisauni kuanzia 2007 kabla ya kuwa gavana wetu wa kwanza, 2013 hadi 2022. Abdulswamad Nassir aliwakilisha Mvita mihula miwili, 2013 hadi 2022, kisha akachaguliwa gavana, katika ule uchaguzi ulioahirishwa hadi Agosti 29 kwa sababu ya mkanganyiko wa karatasi za kura. Wengine wamepita njia nyingine: Mishi Mboko alianza kama mwakilishi wa wanawake wa kaunti 2013, akaingia bunge kwa kiti cha Likoni 2017. Hakuna ubaya mtu kutaka kupanda. Ubaya ni kutangaza kazi za kiti kimoja kana kwamba ni mtihani wa kiti kingine, na sisi kuupokea bila kuuliza.

Mtu akishakuwa gavana, shule za msingi na za upili hazimo mikononi mwake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti, taa za mitaani, taka. Walimu wa msingi na upili ni wa TSC, tume ya kuajiri walimu ya kitaifa. Hata feri tuliyokuwa juu yake si ya gavana. Iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Kwa hiyo anayekuja na albamu ya picha za madarasa akisema “niliwafanyia haya, nipeni kaunti,” anakuonyesha vyombo ambavyo atavirudisha siku atakapoapishwa. Muulize kuhusu dawa katika Hospitali ya Makadara, inayoitwa Coast General. Muulize taka za Kisauni zaenda wapi. Muulize kama amewahi kusimamia watumishi kwa maelfu na mishahara yao, kwa maana mbunge hana jukumu hilo hata kidogo.

Basari za kaunti nazo mtaniletea, najua. Ni kweli, kaunti nyingi, yetu ikiwemo, zimekuwa zikitoa msaada wa karo. Lakini Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka akisema kaunti hazina ruhusa ya kulipia elimu iliyo jukumu la serikali ya kitaifa bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Suala hilo likafika mahakamani. Anayekuahidi basari ya gavana anakuahidi kitu chenye mgogoro wa kisheria, na ni haki yako akuambie hivyo.

Nikiri mambo mawili ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafunzo tunavyopewa.

Nimeandika kwamba mbunge si mwanakamati, na ni kweli kwa herufi. Lakini ofisi yake ina sauti katika uteuzi wa baadhi ya wanakamati. Nimekaa kwenye vikao ambavyo hakuwepo na bado kila mtu alizungumza kana kwamba anasikiliza nje ya mlango. Na nimeona upande mzuri wa jambo hilo: mbunge mkali, anayepigia Bodi simu kila wiki, eneobunge lake hupata pesa mapema na madarasa humalizika. Kwa hiyo nikisema mtu mmoja hana uzito, nitakuwa nimedanganya. Uzito upo. Umiliki ndio haupo.

La pili ni kubwa zaidi. Sijui kama mfuko huu unafaa kuwepo kwa sura uliyonayo. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya 2013 mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema ile ya 2015 nayo inakiuka Katiba, ikaweka Juni 30, 2026 kuwa mwisho wa shughuli za mfuko. Hoja zao nazielewa: mtunga sheria hafai kuwa karibu na mkono wa matumizi, na ugatuzi uliletwa kwa sababu. Usiku mwingine nakubaliana nao kabisa. Asubuhi yake naingia darasa ambalo miaka mitatu nyuma lilikuwa mti na ubao, nawaona watoto wamekaa chini ya paa, na siwezi kusema pesa zile zingefika pale kwa njia nyingine.

Tulipofika ng’ambo nilimfuata yule mama, nikamwomba radhi kwa kusikiliza mazungumzo yake. “Mamangu,” nikamwambia, “fomu hii usimpe kijana wa getini. Ulizia meneja wa akaunti ya mfuko, wa NG-CDF, umkabidhi yeye au karani wake. Iandikwe kwenye rejista, upewe nambari. Toa nakala ubaki nayo. Na ukisikia hundi imetoka, usingoje kuitwa kwenye sherehe. Mwombe mhasibu wa shule aifuate.”

Akaniuliza uchaguzi ni lini. Agosti 10, 2027, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Mwanawe, alisema, siku hiyo atakuwa bado ana miezi mitatu ya shule. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaandika nyuma ya bahasha: meneja, rejista, nambari, nakala.