Strasbourg katika majira ya kuchipua: dhana potofu na ukweli wake

Mji wa Strasbourg, ulioko mashariki mwa Ufaransa kando ya mto Rhine, unajulikana na wengi kwa soko lake la Krismasi, ambalo kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1570. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imezaa maneno mengi yasiyo sahihi kuhusu miezi mingine, hasa Machi, Aprili na Mei, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mgeni anayetaka kuuelewa mji wenyewe na si mapambo yake tu. Baadhi ya maneno hayo hayana madhara makubwa. Mengine humfanya msafiri afike bila nguo za kutosha, akute milango imefungwa, au apite mbele ya mnara wa kumbukumbu bila kujua alichokiona.

Dhana: Krismasi ikipita, mji hulala na vyumba huwa rahisi

Wanaosema hivyo husahau kwamba Strasbourg ndiyo makao rasmi ya Bunge la Ulaya. Wabunge hufanya hapo vikao vikuu 12 kwa mwaka, kila kimoja kikichukua siku nne kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na kadhaa kati ya vikao hivyo huangukia katika majira ya kuchipua. Katika wiki hizo wabunge, wasaidizi wao, wakalimani na waandishi wa habari hujaza hoteli za mji mzima, na bei za vyumba hupanda kiasi cha kumshangaza mtu aliyedhani amechagua msimu usio na watu. Kalenda ya vikao hutangazwa mapema sana, kwa hiyo mwenye kupanga safari anapaswa kuitazama kabla hajalipia chochote. Akikuta tarehe zake zimegongana na kikao, asogeze safari wiki moja mbele au afike Ijumaa, wakati wageni wa Bunge wameshaondoka.

Hapo hapo lipo kosa jingine linalosikika hata kwa watu waliosoma, nalo ni kulichanganya Bunge hilo na Baraza la Ulaya, ambalo nalo lina makao yake Strasbourg. Baraza la Ulaya lilianzishwa mwaka 1949, lina nchi wanachama 46, na si chombo cha Umoja wa Ulaya. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyo jirani yake ni ya Baraza hilo, si ya Umoja.

Dhana: Ikifika Aprili, baridi imekwisha

Dhana hii ndiyo inayowaumiza zaidi wasafiri wanaotoka pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu picha za maua huwadanganya kuhusu hewa. Wastani wa joto la mchana mwezi Aprili ni nyuzi 16 hivi, na alfajiri huteremka hadi karibu nyuzi 5. Mwezi Machi alfajiri hukaribia kiwango cha kuganda, na hata Mei, ambayo mchana wake hufikia nyuzi 20, ina jioni zinazodai koti. Wenyeji wenyewe hawaliamini jua la Aprili. Wanayo desturi ya kale ya kuwasubiri wale wanaoitwa watakatifu wa barafu, ambao sikukuu zao ni tarehe 11, 12 na 13 Mei, kwa kuwa kabla ya siku hizo umande unaweza kuganda usiku na kuua miche. Ndiyo maana zile picha za nyumba za kale zenye fremu za mbao, zilizofurika maua mekundu ya jerani madirishani, kwa kawaida ni picha za kiangazi. Anayefika Aprili atakuta masanduku mengi ya madirishani yakiwa matupu, au yamepandwa maua madogo yanayostahimili baridi.

Kinachobadilika haraka kuliko joto ni mwanga. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja, na tofauti na saa za Afrika Mashariki hupungua kutoka saa mbili hadi moja. Mwishoni mwa Mei jua huzama saa tatu na robo usiku hivi, jambo ambalo Mwislamu anayesubiri Magharibi na mzazi anayesafiri na watoto wadogo wanapaswa kulipangia mapema.

Dhana: Sikukuu za Ufaransa ni zilezile kila mahali

Katika sehemu kubwa ya Ufaransa, Ijumaa Kuu ni siku ya kazi, na miongozo mingi ya safari husema hivyo bila kuongeza neno. Strasbourg ni tofauti. Mkoa wa Alsace pamoja na eneo jirani la Moselle vilikuwa chini ya Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918, na viliporudi Ufaransa vilibaki na sheria zake kadhaa za kieneo ambazo zinatumika hadi leo. Kwa mujibu wa sheria hizo Ijumaa Kuu ni sikukuu, vivyo hivyo na tarehe 26 Desemba, na maduka hubanwa zaidi siku za Jumapili kuliko Paris. Hata sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali haitumiki huko, kwa sababu ilipopitishwa Alsace haikuwa sehemu ya Ufaransa.

Kwa mgeni, matokeo yake ni ya moja kwa moja. Makumbusho ya mji hufungwa Ijumaa Kuu, hufungwa tena tarehe 1 Mei, na siku hiyo ya Mei hata tramu na mabasi ya mji kwa desturi hayafanyi kazi, hivyo mwenye treni ya asubuhi hana budi kutembea hadi stesheni au kuagiza teksi mapema. Baada ya hapo kuna tarehe 8 Mei, kumbukumbu ya kumalizika kwa vita mwaka 1945, kisha Alhamisi ya Kupaa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste, ambazo tarehe zake hufuata Pasaka. Wafaransa wengi hupumzika pia Ijumaa inayofuata Kupaa Bwana, na treni hujaa.

Sikukuu hizo hazina hasara pekee. Wiki ya Pasaka, madirisha ya maduka ya mikate hujaa keki ndogo zenye umbo la mwanakondoo aliyelala. Keki hiyo ni laini, ina mayai mengi, huokwa ndani ya kalibu ya udongo inayofinyangwa katika kijiji cha Soufflenheim, kisha hunyunyiziwa sukari ya unga hadi ikawa nyeupe na kufungwa utepe shingoni. Huliwa asubuhi ya Pasaka. Wingi wa mayai una sababu yake: zamani kuku walitaga kipindi chote cha Kwaresima wakati waumini walikuwa hawali mayai, na yaliyorundikana yalihitaji kutumika.

Dhana: Strasbourg ni mji wa Kijerumani uliopo Ufaransa kwa bahati mbaya

Majengo, majina ya mitaa na vyakula huwafanya wageni waseme hivyo kwa wepesi, tena mbele ya wenyeji. Ukweli ni mzito zaidi. Mji huu ulitwaliwa na Mfalme Louis XIV mwaka 1681, ukachukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ukarudi Ufaransa mwaka 1918, ukatwaliwa tena na Wajerumani mwaka 1940, na ukakombolewa tarehe 23 Novemba 1944. Mtu aliyezaliwa hapo kabla ya 1871 na kuishi hadi uzeeni angeweza kubadilishiwa uraia mara kadhaa bila kuhama nyumba.

Anayetaka kulielewa jambo hili aende kwenye uwanja wa République mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati mimagnolia ya hapo imechanua maua ya waridi na watu wamejazana kupiga picha. Katikati ya bustani hiyo kuna mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1936, kazi ya mchongaji Léon-Ernest Drivier. Mama ameketi na amewashikilia wanawe wawili wanaokata roho. Wanaume hao wako uchi, hawana sare wala bendera, kwa sababu mmoja amekufa upande wa Ujerumani na mwingine upande wa Ufaransa. Minara mingi ya aina hiyo nchini Ufaransa huandikwa kwamba marehemu walikufa kwa ajili ya nchi. Huu umeandikwa tu "À nos morts", yaani kwa wafu wetu, kwa kuwa isingewezekana kuandika ni kwa ajili ya nchi ipi. Miaka michache baada ya kuzinduliwa, msiba ulijirudia: kuanzia Agosti 1942 utawala wa Kinazi uliwaandikisha kwa nguvu jeshini watu wapatao 130,000 kutoka Alsace na Moselle. Msomaji wa Tanzania au Kenya ambaye babu zake walipiganishwa wao kwa wao katika Vita Kuu ya Kwanza, huku askari wa Wajerumani na huku wa Waingereza, hatahitaji maelezo marefu mbele ya mnara huo. Kuwaita watu wa mji huu Wajerumani kwa mzaha ni kugusa kidonda.

Wimbo wa taifa wa Ufaransa unahusika hapa pia. Wengi huamini kwamba La Marseillaise ulitungwa Marseille, lakini ulitungwa Strasbourg usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Aprili 1792, siku chache baada ya Ufaransa kutangaza vita dhidi ya Austria. Mtunzi alikuwa ofisa wa jeshi, Rouget de Lisle, aliyeombwa na meya wa mji, Dietrich, atunge wimbo wa kuwatia moyo wanajeshi wa Rhine. Jina la sasa lilikuja baadaye, pale askari wa kujitolea kutoka Marseille walipoingia Paris wakiuimba.

Dhana: Mnara wa pili wa kanisa kuu ulibomolewa na vita

Haukubomolewa, haukujengwa kamwe. Mnara wa kaskazini ulikamilika mwaka 1439 ukiwa na urefu wa mita 142, na kuanzia 1647 hadi 1874 kanisa hilo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Jukwaa lililo wazi kwa wageni liko kwenye kimo cha mita 66, na hupandwa kwa ngazi 332. Nashauri lipandwe jioni ya siku kavu, kwa sababu mawe yake ya mchanga kutoka milima ya Vosges hukolea rangi ya waridi jua likielekea kuzama.

Na mtaa wa Petite France haukuitwa hivyo kwa sababu ya uzalendo. Palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kaswende, maradhi ambayo Wajerumani wa enzi hizo waliyaita ugonjwa wa Wafaransa, na jina likabaki juu ya mtaa mzuri wa watengeneza ngozi, wasaga nafaka na wavuvi.

Dhana: Korongo wa Alsace ndio wale tunaowaona Serengeti

Korongo weupe hurejea kuanzia Februari na Machi, na kufikia Aprili bustani ya Orangerie, iliyo karibu na majengo ya Bunge, husikika mlio wa midomo yao ikigongana, maana ndege hawa karibu hawana sauti. Ni jambo la kupendeza kudhani kwamba wametoka kwetu, lakini korongo wanaoonekana nyanda za Kenya na Tanzania hutoka hasa Ulaya ya mashariki, wakipitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile. Wale wa Alsace hufuata njia ya magharibi kupitia Hispania na Gibraltar hadi ukanda wa Sahel. Makundi yote mawili huikwepa Mediterania, kwa kuwa korongo huruka kwa kuinuliwa na hewa ya joto inayopanda kutoka nchi kavu, na juu ya bahari hewa hiyo haipatikani.

Dhana kwamba wamekuwapo siku zote kwa wingi nayo si kweli. Mwaka 1974 zilibaki jozi 9 tu mkoani kote, baada ya mabwawa kukaushwa, ukame kuikumba Sahel, na nyaya za umeme kuua wengi. Walirudishwa kwa juhudi za makusudi: makinda yalifugwa kwa miaka kadhaa hadi yakapoteza hamu ya kuhama, na leo wapo kwa mamia ya jozi. Mimi huona kazi hiyo kuwa moja ya mambo yenye heshima kubwa yaliyofanywa katika mkoa huo.

Dhana: Chakula cha huko hakimfai Mwislamu

Ni kweli kwamba nyama ya nguruwe na mvinyo vimetawala. Lakini majira ya kuchipua ndiyo msimu wa asparagasi nyeupe, zinazochimbwa kabla hazijaona jua na kuliwa kuanzia Aprili hadi Juni zikiwa zimechemshwa na kuandamana na sosi. Kwa kawaida huletwa na nyama ya nguruwe pembeni, kwa hiyo Mwislamu aseme mapema kwamba haitaki, na aulize kama sosi ina mvinyo. Mji una Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 2012.

Dhana: Viza ya Ufaransa haimruhusu mtu kuvuka hadi Ujerumani

Viza ya muda mfupi inayotolewa na Ufaransa kwa kawaida ni ya eneo lote la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa mipaka ya kawaida kati yao, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima inatakiwa ifike angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Wapo wanaoogopa kwamba mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka Rhine atakuwa ameitumia na hataweza kurudi. Hofu hiyo haina msingi, kwani kupita mpaka wa ndani ya Schengen hakuhesabiwi kuwa kutoka. Tangu 2017 tramu ya mstari D huvuka daraja hadi mji wa Kehl, na safari hiyo ni fupi kuliko foleni ya kupanda mnara. Hata hivyo Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mpaka huo Septemba 2024, na askari anaweza kupanda tramu wakati wowote, kwa hiyo pasipoti halisi iwe mfukoni, kwa maana nakala iliyopigwa kwa simu haitoshi.