Okteni ni nini, na gari la turbo linataka ngapi?

Mdogo wangu alinunua Subaru Forester ya turbo, usukani kulia. Ilishuka bandarini Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikavuka Kasumbalesa na kufika Lubumbashi ikiwa na vumbi lote la safari. Jumapili ya kwanza tukaenda nayo Kipushi, kilometa 30 hivi. Sindano ya tangi ilikuwa imelala chini kabisa, kwa hiyo tukasimama kwa kadhafi mmoja, muuza mafuta wa barabarani, akatumiminia lita 10 kutoka kwenye bidoni. Wakati wa kurudi, kila alipokanyaga mafuta, motere, yaani injini, ilitoa sauti kavu, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo la maziwa.

"Yaya, hii motere inalia," akaniambia.

Alidhani ni valvu. Tatizo lilikuwa ndani ya tangi, na jina lake ni okteni.

Wengi hulichukua neno hili kama kipimo cha nguvu: esanse (petroli ya Nairobi) ya 98 ni kali kuliko ya 95, na ya 95 ni kali kuliko ya 91. Sivyo. Angalia kinachotokea ndani ya silinda. Pistoni inapanda na kubana hewa iliyochanganyika na esanse. Hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi chini ya pampu panavyochoma vidole. Kisha buji, yaani plagi, inatoa cheche, moto unaanzia hapo na kutembea kuelekea ukingoni. Motere ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde moja, kwa hiyo safari ya moto huo ni fupi mno. Hata hivyo, kabla haujafika, esanse iliyobaki pembeni inazidi kubanwa na kupata joto. Ikishindwa kungoja, inajilipukia yenyewe, yote kwa pigo moja. Misumari tuliyoisikia ni mlio wa pigo hilo. Likirudiwa mara nyingi huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na wakati mwingine hutoboa pistoni kichwani.

Okteni, basi, hupima jinsi esanse inavyoweza kubanwa na kungoja cheche bila kujilipua. Kipimo kilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1920 kwa vimiminika viwili: isooktani, yenye subira, ikapewa 100, na heptani, inayolipuka upesi, ikapewa 0. Esanse ya 95 inastahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani. Namba haisemi esanse ni safi, wala haisemi lita moja ina moto zaidi. Ukiitia 98 kwenye Toyota Vitz iliyotengenezewa esanse ya kawaida ya Japani, umempa pompisti pesa ya bure.

Kwa nini turbo inadai zaidi? Kwa sababu turbo inashindilia hewa ndani ya silinda kabla pistoni haijaanza kubana. Hewa ni nyingi, shinikizo ni kubwa, joto ni kali, na esanse inahitaji subira zaidi. Motere isiyo na turbo lakini yenye kubana sana, kama za magari mengi ya michezo, inadai vilevile.

Sasa gari letu. Ndani ya kifuniko cha tangi kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ambacho hakuna aliyekisoma. Mdogo wangu alipokipiga picha na kukitafsiri kwa simu, kilisema: esanse ya daraja la juu tu. Japani wana madaraja mawili. La kawaida huanzia okteni 89, na la juu huanzia 96, ingawa kwa kweli mara nyingi hukaribia 100. Wahandisi walipanga wakati wa cheche wakijua kwamba dereva atajaza hiyo ya juu. Huku kwetu, stasiyo nyingi ninazozijua zina bomba moja la esanse na moja la mazutu, yaani dizeli. Hakuna wa kukuuliza unataka ipi. Kabla ya kununua gari la aina hii, nenda kwanza stasiyo unayoitegemea ukaulize namba ya esanse yao. Pompisti asipoijua, muulize mkuu wake.

Gari lililotoka Marekani lina mtego mwingine. Namba ya Wamarekani ni wastani wa vipimo viwili, cha RON na cha MON. RON hupimwa katika hali nyepesi, MON katika hali ngumu zaidi, kwa hiyo MON hutoka ndogo. Ulaya, Japani na sehemu kubwa ya Afrika husema RON peke yake. Kwa hiyo 91 iliyoandikwa kwenye gari la Marekani ni karibu sawa na 95 au 96 ya huku. Ukitia 91 ya RON ukidhani umetii kitabu, umeshuka ngazi nzima.

Mji wetu nao una neno lake. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi. Goma na Bukavu, karibu mita 1,500, nyepesi zaidi. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, na inaridhika na okteni ya chini kidogo. Kwa hiyo fundi anayesema "mimi natia yoyote na hailii" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu Corolla yake. Lakini turbo hurudisha hewa iliyopungua, hasa ikiongozwa na kompyuta, na faida ya mwinuko ikapotea. Halafu ngoja mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, ukiwa umekwama kwenye foleni: gari lililonyamaza mwezi wa saba linaanza kulia.

Magari ya kisasa yana kihisio kinachosikiliza mlio huo. Kompyuta ikiusikia inachelewesha cheche. Hapo ndipo watu hudanganyika kwamba esanse nzuri "inaongeza" nguvu. Inarudisha tu ile iliyokuwa imezuiwa. Na kihisio hakitendi muujiza. Ukipandisha mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga hadi chini, pigo la kwanza limeshapiga kabla kompyuta haijajibu.

Bidoni yetu ya Kipushi ilikuwa na nini? Siwezi kuapa, lakini ilinuka petroli. Msomaji wa Nairobi asishtuke: huku Kongo petroli ni mafuta ya taa, na unayoiita petroli sisi tunaita esanse. Mafuta ya taa yana okteni ya chini sana. Ukichanganya kidogo tu, namba ya tangi zima inaporomoka. Chupa za dawa za kupandisha okteni nazo zisome kwa makini: "pointi 30" mara nyingi maana yake ni namba 3 tu, kutoka 92 hadi 95.

Tulichofanya siku ile ni kurudi polepole, gia ndogo, mguu mwepesi, turbo isipate nafasi ya kusukuma. Nyumbani tulinyonya tangi kwa mpira na kutia esanse ya stasiyo. Kama lingekuwa na esanse safi ya namba ndogo, kuongeza ya namba kubwa kungetosha, kwa kuwa nusu ya 91 na nusu ya 95 hutoa takriban 93. Kesho yake fundi akatoa buji moja na kuishika kwenye mwanga. Kwenye kaure nyeupe kulikuwa na vitone vidogo vya kung'aa, kama chumvi iliyomwagika. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni.