Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

Katika karakana yetu ya mafunzo hakuna ombi tunalolisikia kama hili: "Fundi, njoo ujaze gesi, ya mwaka jana imeisha." Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli wala haitumiki ikaisha kama gesi ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, ni ile ile ya siku ya kwanza, na mfumo ukiwa mzima itazunguka miaka mingi bila kuongezwa. Ikipungua, kuna mahali inatoka.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Jipake spiriti mkononi kisha upulize: ngozi inapoa, kwa kuwa kimiminika kinapogeuka mvuke huondoka na joto. Ndivyo inavyokuwa kwenye koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa ndani ya mashine ya chumbani. Gesi ikiwa katika presha ndogo huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 5 tu, ikanyonya joto la chumba. Unyevu wa hewa unatona juu ya koili, na hayo ndiyo maji yanayodondoka nje. Mvuke unakwenda kwenye kompresa, unabanwa hadi unakuwa wa moto kuliko hewa ya nje, hata siku ya jua kali. Feni ya nje inaupuliza, unatoa joto na kurudi kuwa kimiminika. Kikishapita kwenye tundu jembamba la kapilari au valvu, presha inaanguka ghafla, kinapoa, safari inaanza upya.

Sasa, koili ya ndani ikiota barafu, wengi hufurahi wakidhani mashine inapooza sana. La hasha. Mara nyingi ama chujio limeziba vumbi, ama gesi imepungua. Zima, acha barafu iyeyuke yenyewe, osha chujio. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Barafu ikirudi, ita fundi.

Fundi makini hazimi kwa rimoti pekee, anakata umeme kwenye swichi kuu. Hata hapo kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu, hivyo huitoa chaji hiyo kwanza. Huvaa miwani na glavu: R-32, mojawapo ya gesi za viyoyozi, ikitoka kwenye bomba huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri, na ikigusa ngozi au jicho huligandisha.

Kabla ya kufungua bomba, gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi wake. Haiachiliwi hewani. Kilo 1 ya R-410A hupasha dunia joto, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. R-22 ya mashine za zamani inaharibu pia tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa sokoni. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanapunguza R-410A na jamii yake.

Kisha anatafuta tundu. Anajaza naitrojeni kavu kupitia regeleta, kifaa cha kudhibiti presha, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Nati ikiwa haijakazwa sawasawa, utaona kipovu kidogo kikivimba taratibu pembeni mwake. Hapa nasema kwa uzito wote: oksijeni isitumike kamwe kupima presha. Ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo.

Tundu likishazibwa, pampu hunyonya hewa na unyevu wote. Unyevu ukibaki huganda kwenye tundu la kapilari na kuzaa asidi inayokula kompresa. Ndipo gesi mpya inapoingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na iwe aina ile ile. R-32 inaweza kushika moto, na propani, yaani R-290, hushika upesi zaidi. Kutia gesi hizi kwenye mashine iliyoundwa kwa R-22 ni kuhatarisha nyumba nzima.

Fundi akija na mtungi wa gesi peke yake, bila mizani, bila naitrojeni, bila pampu, mwambie arudi akiwa navyo.